Mtoto wa Kuazimwa

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kuhusu mtoto wa kuazima hawakusema neno, labda kwa sababu hawakuishi Louisville, Marekani, ghorofa ya pili, karibu na bustani ya Iroquois, na binti wa miaka kumi na mitatu anayeongea Kiingereza kama mtangazaji wa redio.

Saa tatu asubuhi nyumbani kwangu ni shule. Meza ya kulia nimeshaifuta. Mume wangu amerudi kutoka zamu ya usiku ghalani, amelala chumbani na mlango kaufunga. Binti yangu amekaa na kitabu mbele yake, mimi kando yake. Ndipo mlango unapogongwa. Sijui nani aliwapa watu ratiba yetu. Mara nyingi ni mama wa ghorofa ya chini, Mkongomani, mtu mzima kuliko mimi, kitenge kiunoni na mkoba wa hospitali begani.

"Mama, unipatie mutoto kidogo," anasema. "Niko na randevu kwa munganga. Bon, hatutakawia."

Anamtaka akamtafsirie, na hatutakawia yake inaishia saa nane mchana. Mimi saa tisa naondoka kwenda kazini kwa wazee, kuwaogesha na kuwalisha, na nikirudi mtoto amelala. Siku imekufa. Kesho tunaanza upya pale pale tulipoachia, ila yeye ameshasahau nusu na mimi nimeshakasirika robo tatu.

Naomba nieleweke. Huyu mama si adui yangu. Tulipofika kutoka kambi ya wakimbizi, Kigoma, binti yangu akiwa wa kubebwa mgongoni, ni yeye aliyepanda ngazi na sufuria ya maharage hata kabla hatujajua kuwasha jiko. Nilipopata kazi ya kwanza kiwandani, ndiye aliyembeba mtoto huyu mgongoni kwake mpaka nirudi. Alinionyesha basi la kupanda, duka la unga, kanisa. Wema wa namna hiyo huulipi, unaishi nao tu. Na sisi tulikotoka mtoto wa mwenzako unamtuma. Unamwita akiwa anapita, nenda kaniletee chumvi, naye anakwenda mbio, na mzazi wake akisikia kwamba alisita, anachapwa. Nimelelewa hivyo. Sikuwahi kufikiri ingefika siku ningemchukia mtu kwa kumtuma mtoto wangu.

Lakini hebu nianzie mahali ambapo hasira yangu ilizaliwa.

Mume wangu aliumia mgongo kwa kunyanyua maboksi, akapewa dawa. Mtoto akaisoma chupa. Aliigeuza mkononi, akaitazama kama daktari mdogo, akasema, "Baba, vidonge viwili kabla ya kwenda kazini." Baba akameza viwili, akaenda kazini. Katikati ya zamu wakamkuta amesimama baina ya rafu mbili, kichwa kwenye boksi, anakoroma. Msimamizi akamrudisha nyumbani. Tulipompelekea chupa mtu anayejua kusoma Kiingereza, akatuambia ni kidonge kimoja, wakati wa kulala.

Nikadhani mtoto amechanganya. Nikamwita, nikachukua kitabu chake cha shule, nikamwambia soma hapa. Akasoma vizuri, haraka haraka, sauti tamu. Kiingereza changu ni cha kuokoteza kazini, lakini macho ninayo. Maneno yaliyotoka kinywani yalikuwa mengi kuliko yaliyokuwa kwenye karatasi. Nikaweka kidole kwenye neno moja. Hili? Na hili? Akaniangalia, akasema kwa Kiingereza chake kwamba amechoka. Mwanangu alikuwa hajui kusoma. Darasa la saba.

Jamani, nilikaa chini sakafuni.

Kule kambini nilikosoma mimi, matokeo yalitangazwa hadharani. Watoto wote na wazazi wamekusanyika, mwalimu anaita majina, wa kwanza mpaka wa mwisho. Kama umeshindwa, kambi nzima imesikia, na mwaka unaofuata unarudia darasa, unakaa na wadogo zako wanaokucheka. Ilikuwa aibu, ndiyo, lakini ilikuwa aibu yenye ukweli ndani. Hakuna mzazi aliyedanganywa. Hapa mtoto anapanda darasa kwa umri. Mwaka ukigeuka naye anageuzwa, anajua, hajui, twende.

Utaniuliza, wewe mama ulikuwa wapi? Nilikuwepo. Kila walipoita wazazi shuleni nilikwenda, nimechana nywele, nimeomba ruhusa kazini. Na nani alikuwa mkalimani wetu? Yeye mwenyewe, mtoto. Mwalimu anaongea, anatabasamu, mtoto ananigeukia: "Mama, anasema niko vizuri. Anasema nasaidia wenzangu." Natoka pale kichwa juu. Wenzangu wote wa mitaa yetu ya South End walikuwa wanafanya hivyo hivyo. Tulikuwa tunafurahia, tunasema hawa watoto wametuokoa, hatuna haja ya mtu wa kututafsiria.

Safari hii nikasema hapana, nataka mtu mzima. Wakanipigia mkalimani wa simu. Sauti ya mwanaume, Kiswahili safi, yuko sijui jimbo gani. Akanifikishia maneno ya mwalimu: mtoto wako yuko nyuma sana katika kusoma, na tumekuwa tukikueleza hivyo kila mwaka.

Nikamwambia, muulize walinieleza kupitia kwa nani.

Mkalimani akauliza. Mwalimu akamtazama mtoto, mtoto akatazama viatu vyake. Kisha nikauliza kwa nini hawakumfundisha. Mwalimu akaeleza kwa upole, na upole wake ndio ulionipandisha damu, kwamba binti yangu ni msaada mkubwa sana pale shuleni. Familia mpya zikifika kutoka Kongo na Burundi, ofisi humwomba atoke darasani kidogo akasaidie. Ana kipaji. Wanamshukuru sana. Aliyasema hayo kama anampa zawadi. Mtoto wangu alipelekwa shule na shule ikamfanya tarishi, tangu akiwa mdogo, wenzake wakifundishwa kuunganisha herufi yeye yuko ofisini anatafsiri chanjo za watoto wa watu. Nilitaka kusema maneno mengi, lakini yule wa kwenye simu angelazimika kuyatafsiri, nikamhurumia.

Nikamtoa. Katika jimbo hili unaiarifu wilaya ya shule kwamba utafundisha nyumbani, unafundisha, basi. Mume wangu alishtuka. "Watu watasema nini?" Nikamwambia watu hawakulala kwenye rafu za ghala, ni wewe.

Na watu walisema. Kanisani akina mama walinisalimia mimi huku macho yao yako kwenye tumbo la mtoto. Kwetu msichana akitolewa shule kuna sababu moja tu. Mmoja aliniita pembeni, akanishika mkono kwa huruma, akauliza ni mtoto wa nani. Nikamuuliza mtoto yupi? Akasema, usifiche, mwenzangu, tupo pamoja. Niliutoa mkono wake mkononi mwangu kidole kimoja kimoja. Yaani tumevuka bahari yote kwa ajili ya shule, halafu mimi namtoa mwanangu shule ya bure, ya Wamarekani, yenye basi la kumfuata mlangoni. Nikielezwa hivyo hata mimi ningejiona kichaa.

Tukaanza. Sikujua njia nyingine isipokuwa ile niliyofundishwa, ba be bi bo bu, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kinasomeka kilivyoandikwa. Alicheka kwa dharau, akasema haya ni ya watoto wachanga. Nikamwambia basi yasome. Hakuweza yote. Akalia. Na mimi nikapiga meza, baba yake akaamka, akatoka na shuka kiunoni kuuliza nani kafa. Zilikuwa siku za namna hiyo. Siku nyingine anavimba tu, hajibu, au anajibu kwa Kiingereza cha kasi ili nisielewe, na mimi najibu kwa Kirundi cha kwetu ili na yeye asielewe, tunakaa pale kila mtu na lugha yake.

Lakini kulikuwa na asubuhi nyingine. Mwezi haujaisha akaanza kuunganisha. Siku moja tunapita dukani akasimama mbele ya mfuko wa unga, akasoma maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa pale, polepole, kidole hewani, kisha akanitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Tukahamia Kiingereza, nako nikawa mwanafunzi mwenzake. Tulikopa kanda za kusikiliza na vitabu maktaba, tukasoma mmoja baada ya mwingine, mimi nikikosea ananicheka, namwachia anicheke. Nikiwa kazini nawaambia wazee wangu maneno mapya, wananisahihisha. Kwa kweli nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu tufike nchi hii.

Na hapo ndipo mlango ulipozidi kugongwa. Maana akili za watu zilikuwa hivi: mtoto wa shule hapatikani mchana, lakini huyu yupo nyumbani tu. Amekaa bure. Mwenye barua ya nyumba, mwenye jino, mwenye gari lililovutwa na polisi, wote njia ni moja. Nikikataa mlangoni wanampigia mume wangu, naye mpole wangu anaitikia usingizini, "Sawa, atakuja." Tuligombana. Nilimwambia wewe unagawa usichopanda. Nilijaribu kuwaeleza kwamba hospitali ina wakalimani, ukiomba wanakupa, ni haki yako. Mama wa chini akaniambia, "Ule wa telefone hanijue. Mutoto ananijua. Nilimubeba." Nilimpa mtoto. Niliporudi mezani nikakuta kitabu kimefungwa na penseli imewekwa juu, na nikakaa pale peke yangu nikiwa na hasira hata ya kumrushia mtu kiti, ila mtu hakuwepo.

Habari zikafika Buffalo. Huko, mtaa wa Riverside, anaishi wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, na kwetu shangazi si mtu wa kupuuza. Ana sauti juu ya watoto wa kaka yake. Akapiga simu akasema hawezi kukaa kimya damu yake ikiharibiwa, na akaitisha kikao cha familia Columbus, kwa shemeji yangu, kaka yao mkubwa, kwa sababu ni katikati na yeye ndiye mkubwa wa ukoo upande huu wa dunia. Alichotaka hakukificha. Mtoto ahamie Buffalo, kwake, arudi shule.

Tukaenda. Njia nzima binti yangu alikaa nyuma na kitabu, hakukifungua. Mume wangu aliendesha, mimi nilimpanga: ukinyamaza leo, nakuapia, tutarudi kila mtu na basi lake. Akasema amesikia.

Sebule ya shemeji ilijaa. Tukasali, tukala, ndipo kikao kikafunguliwa. Mke wa mtu katika kikao cha ukoo huongea akiulizwa, na mimi sikuulizwa. Wifi akaongea. Alisema wazazi wetu walikufa hawajashika kalamu. Alisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Alisema mke wa kaka yake ni mwogeshaji wa wazee, tangu lini amekuwa mwalimu? Nilikuwa nimekaa kwenye kochi mikono nimeiweka chini ya mapaja.

Katikati ya hayo simu ya shemeji ikalia. Watu wa umeme. Akasikiliza, akakunja uso, kisha akanyoosha mkono na kumpa binti yangu simu. "Mwanangu, hebu ongea nao." Mtoto akapokea, akaenda koridoni, tukamsikia akiongea kile Kiingereza chake cha kunyooka, anauliza, anajibu, anashukuru. Kikao kikamsubiri. Hakuna aliyeona kichekesho isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeshapita hatua ya kucheka.

Wifi akapiga kofi moja dogo kwa furaha. "Mnamwona? Akili hizo zote zinafungiwa ndani." Kisha akasema lile lililokuwa chini ya yote, tena bila aibu, kwa sababu kwake halikuwa na aibu. "Na mimi wanangu wameshahama, niko peke yangu na sukari na presha. Akiwa kwangu nani atashindwa kuongea na madaktari wangu?"

Nikasimama. Sikuulizwa, nikasimama.

"Kumbe ni hilo," nilisema. "Si shule. Na wewe umekuja kumwazima."

Wifi akageuka kwa kaka zake. "Mnasikia mke wenu anavyonijibu?"

Shemeji akaninyooshea mkono nikae, nikakaa. Akamwita mtoto aliyekuwa amemaliza na watu wa umeme, akampa Biblia ya Kiswahili iliyokuwa mezani. Hakuwa na ubaya. Alifikiri analeta amani. "Tusibishane. Asome, tusikie mama amefundisha nini."

Mtoto alikuwa hajasoma mbele ya mtu yeyote isipokuwa mimi. Akaweka kidole kwenye mstari, akaanza. Silabi, silabi, neno. Akakwama, akarudi nyuma, akaunganisha, akaendelea. Jasho lilimtoka puani. Kila neno lililotoka lilikuwa kweli limeandikwa pale. Hakubuni hata moja. Mimi nilikuwa naomba chinichini na machozi yananitoka kwa fahari, na nilipoinua macho nikaona nyuso za wale watu. Walikuwa na hofu. Hawakuwa wanajua. Miaka yote waliona mtoto anayebishana na madaktari na polisi, leo wanasikia mtu anayesoma kama wa darasa la kwanza, na hesabu waliyopiga vichwani ilikuwa rahisi.

"Mungu wangu," wifi alisema taratibu. "Umemharibu."

Mimi. Nimemharibu mimi. Shule ilimkalisha ofisini miaka yote, nyinyi nyote mkamburuta kwenye kila kaunta ya mji, na mharibifu ni yule aliyemwambia kaa hapa, hii ni *ba*. Mtoto alikuwa bado ameshika Biblia. Aliifunga, akaiweka mezani kwa uangalifu, akaenda kusimama nyuma ya kochi langu.

Ndipo mume wangu, yule mpole, akaongea. Aliwaeleza ile habari ya dawa, na rafu, na kukoroma. Hakuna aliyecheka. "Alikuwa hawezi kabisa," alisema. "Haya mliyosikia leo hayakuwepo. Mama yake ndiye aliyeyatoa."

Shemeji akatoa uamuzi wake: mtoto atabaki kwa mama yake mpaka Pasaka. Pasaka tutakutana tena hapa, atasoma tena. Akisoma vizuri, hakuna atakayemgusa. Akisoma hivi, ataondoka na shangazi yake siku ile ile. Wifi akakubali. Mume wangu akakubali. Mimi nilimwangalia binti yangu, naye aliniangalia, na wote wawili tulikuwa tunajua asubuhi ngapi zimeliwa na ngapi zimebaki.

Kwenye gari, tukiwa tumeshaiacha Columbus, akauliza kwa Kiswahili, "Mama, kule Buffalo nitakuwa naenda hospitali na Shangazi kila siku?" Nikasema sijui. Akasema, "Wewe unajua."

Siku mbili baadaye, saa tatu, meza imefutwa, tumeanza. Alikuwa katikati ya ukurasa, na alikuwa anakwenda vizuri kuliko siku yoyote. Mlango ukagongwa. Niliujua ugongaji wa ile ngumi. Jana yake mama wa chini alinigusia kwamba macho yake yamezidi kufifia na wanataka kumfanyia upasuaji, na kwamba anaogopa. Nilianza kuinuka.

Mtoto alinitangulia. Akaenda, akafungua mlango nusu. Hakumwamkia. Hakusema shikamoo Bibi, wala karibu.

"Niko shule," alisema.

Mama wa chini alibaki pale na mkoba wake begani. Hakumtazama tena mtoto. Alinitazama mimi, juu ya bega la mtoto, na macho yake mabovu yakanipata.

"Ni weye unamufundisha vile?"

Hapo ningeweza kusimama. Ningeweza kumwambia mtoto mwamkie Bibi yako, vaa viatu, nenda. Kungekuwa na kesho. Nilikuwa na hasira na shule, na ofisi yake, na wifi, na kikao, na huyu mama aliyekataa mkalimani wa simu, na juu ya wote nilikuwa na hasira kwamba katika watu wote hao, aliyefungiwa mlango alikuwa yule mmoja aliyewahi kumbeba.

"Ndiyo," nilisema. "Ni mimi."

Akaitika kwa kichwa kidogo, akageuka. Mtoto akafunga mlango. Alirudi akakaa, akatafuta mstari wake na hakuuona. Huko nje tulimsikia yule mama akishuka ngazi kwa kupapasa ukuta, mguu mmoja, anapumzika, mguu mwingine. Nikaweka kidole changu kwenye ukurasa, pale alipoachia, nikamwambia asome.